Elizabeth Ryan: Mataji 19 ya Wimbledon, la peke yake hakuna

Pale Marangu kuna waongozaji waliofika kilele cha Uhuru mara nyingi mno, lakini cheti cha kupanda mlima hutoka na jina la mgeni. Kwenye tenisi, mtu wa namna hiyo alikuwa Elizabeth Ryan.

Ryan alizaliwa mwaka 1892 Anaheim, California, Marekani. Mwaka 1912 alikwenda Uingereza kutembea, akanogewa, na huko ndiko alikoishi sehemu kubwa ya maisha yake.

Taji la kwanza la Wimbledon alilipata 1914, la mwisho 1934. Jumla ni 19: 12 ya wanawake wawili wawili na 7 ya mchanganyiko, mwanamke na mwanamume. Aliyabeba na wenzake 10 tofauti. Yaani ukimpanga na nani, anashinda.

Siri yake? Alikuwa hodari wa kusogea karibu na wavu na kuupiga mpira kabla haujagusa chini, na mipira yake ya kukata iliwasumbua wengi.

Mwenzake maarufu zaidi ni Mfaransa Suzanne Lenglen. Pamoja walitwaa mataji 6 ya Wimbledon na hawakuwahi kufungwa hapo. Mwaka 1926 Wafaransa wakataka Lenglen acheze na Mfaransa mwenzake, Ryan akaachwa. Akaungana na Mmarekani Mary Browne, wakamtoa Lenglen mapema kabisa, kisha wakabeba taji lenyewe.

Ila akiingia uwanjani peke yake, bahati ilimkataa. Alifika fainali ya Wimbledon 1921, akafungwa na huyohuyo Lenglen. Akarudi 1930, akafungwa na Helen Wills Moody, ambaye mwaka huohuo walishinda wote taji la wawili wawili.

Kilichouma zaidi ni fainali ya Marekani ya 1926. Seti ya tatu aliongoza 4-0, akabakiza pointi moja tu awe bingwa. Molla Mallory akapindua meza, akamaliza 9-7.

Baada ya 1934 Ryan aligeukia kufundisha tenisi kwa malipo. Rekodi yake ya mataji 19 ikakaa miaka na miaka, hadi Billie Jean King alipoifikia mwaka 1975. Inaelezwa kwamba bibi huyo hakutaka kabisa kuishi aone ikivunjwa.

Ijumaa ya Julai 6, 1979, akiwa na miaka 87, Ryan alianguka ghafla akiwa Wimbledon na kufariki siku hiyohiyo.

Kesho yake, Jumamosi, King akatwaa taji lake la 20 akiwa na Martina Navratilova. Nalo lilikuwa la wawili wawili.