Johann Ludwig Krapf na Kamusi Asiyoiona

Mwanafunzi anayeketi darasani Lumakanda, katika Kaunti ya Kakamega, hulizoea mapema zoezi la msamiati: kueleza maana ya neno, kutaja kisawe na kinyume chake, kisha kubainisha aina yake. Aghalabu lugha yake ya kwanza ni mojawapo ya lahaja za Kiluhya, naye hukiendea Kiswahili kama mgeni abishaye hodi. Anapokwama, hufungua kamusi. Mnamo mwaka 1844 zoezi lilo hilo lilimkabili mgeni mwingine mjini Mombasa, ila yeye hakuwa na kamusi ya kufungua. Ilimbidi aiandike. Mgeni huyo ni Johann Ludwig Krapf.

Krapf alizaliwa tarehe 11 Januari 1810 katika kijiji cha Derendingen, karibu na mji wa Tübingen, Ujerumani. Baba yake alikuwa mkulima. Baada ya masomo ya dini alijiunga na Church Missionary Society, shirika la wamishonari la Uingereza, na mwaka 1837 akatumwa Uhabeshi. Huko alijifunza lugha ya Waoromo na kuiandalia orodha ya maneno iliyochapishwa mwaka 1842. Alipozuiwa kurudi katika nchi hiyo, alipania kuwafikia Waoromo kwa kupitia kusini. Kwa hivyo Kiswahili hakikuwa shabaha yake ya kwanza. Kilikuwa njia tu ya kumfikisha kwingine.

Alitua Unguja mwezi Januari 1844, akapata idhini ya Sayyid Said, kisha akahamia Mombasa na mkewe, Rosine. Mnamo Juni alianza kukitafsiri Kitabu cha Mwanzo. Mwezi uliofuata homa iliwavamia. Tarehe 13 Julai Rosine alifariki, na siku chache baadaye akafuatwa na mtoto wao mchanga wa kike. Walizikwa upande wa bara, Nyali. Krapf, ambaye mwenyewe alikuwa hoi kwa homa, angeweza kurejea kwao bila ya kulaumiwa na yeyote. Alibaki, akarudia maneno yake.

Kazi hiyo hakuifanya peke yake. Katika tafsiri alisaidiwa na Kadhi wa Mombasa, Sheikh Ali bin Muhyiddin. Jambo hili lastahili kuzingatiwa, kwani wawili hao walitofautiana kabisa katika dini. Krapf alikuja kueneza Ukristo. Kadhi alikuwa mlinzi wa sheria ya Kiislamu. Hata hivyo, maneno ya imani, toba na uumbaji yalikuwa tayari yana maana zake katika vinywa vya Waislamu wa Mvita, na mgeni hakuwa na budi kuyapokea kutoka kwao. Sura tatu za mwanzo za tafsiri hiyo zilichapishwa Marekani mwaka 1847. Wahenga hunena, mgeni njoo mwenyeji apone. Hapa aliyepona kwanza ni mgeni.

Mwaka 1846 Krapf alipata mwenzake, Johannes Rebmann, wakaanzisha kituo Rabai. Miaka minne baadaye, akiwa Ulaya kwa muda, alichapisha vitabu viwili vilivyoweka msingi. Cha kwanza kilieleza sarufi ya Kiswahili. Kwa mtu aliyezoea kuzigawa nomino kwa jinsia, kama ilivyo katika Kijerumani, ngeli zilikuwa mpangilio mgeni kabisa. Cha pili kilipanga pamoja maneno ya lugha sita: Kiswahili, lugha ya Wamijikenda, Kikamba, Kipokomo, Kiyao na Kioromo. Msomaji aliona kwa macho kwamba tano kati ya hizo ni ndugu, ilhali Kioromo kilisimama kando. Ni udugu uo huo anaougundua mtoto wa Lumakanda anapoweka omundu na abandu kando ya mtu na watu.

Afya yake ilimlazimisha kuondoka pwani mwaka 1853. Alirejea kwa muda mfupi mwaka 1862 kuwasaidia wamishonari wa Kimethodisti waliofungua kituo Ribe, lakini sehemu kubwa ya maisha yake yaliyosalia aliipitisha Korntal, Ujerumani. Huko aliendelea kuipanga kamusi ambayo maneno yake yalianza kukusanywa Mombasa na Rabai. Alifariki tarehe 26 Novemba 1881. Kamusi yake ya Kiswahili kwa Kiingereza, yenye zaidi ya kurasa 400, ilitoka London mwaka 1882. Hakuiona.

Kazi hiyo ina dosari zake. Tahajia yake ilipitwa na wakati, na pengine mwandishi huacha kueleza neno akaanza kuihukumu dini ya wenye lugha. Isitoshe, msingi wake ni Kimvita, ilhali mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 uliteua Kiunguja, lahaja aliyoishughulikia Askofu Edward Steere tangu miaka ya 1860, kuwa msingi wa usanifishaji. Hivyo kamusi ya Krapf ilisukumwa pembeni, ingawa ilihaririwa upya mwaka 1925.

Lakini kule kusukumwa pembeni ndiko kunakoipa thamani leo. Neno lililoachwa nje ya usanifu halikufa. Aghalabu limebaki kuwa kisawe. Mtafiti anayetaka kujua Wamvita walilitumiaje neno fulani kabla ya shule za kikoloni hana budi kurudi kwa Krapf. Akirudi, na akumbuke kwamba nyuma ya kila fasili yupo mwenyeji aliyeulizwa akajibu. Kadhi anajulikana kwa jina. Wengi wa wenzake waliojibu maswali ya mgeni, sokoni, barazani na shambani, hawajulikani. Kamusi ina jina la Krapf, lakini maneno ni yao.