Lord Kelvin na Hesabu ya Bamvua

Mvuvi wa pwani yetu anajua kuwa mwezi ukiandama au ukipevuka bamvua haliko mbali, na katikati yake huja maji mafu. Lakini nahodha mgeni anayeingiza meli kubwa Kilindini hatosheki na hilo. Anataka saa, na kina. Aliyerahisisha hesabu hiyo kwa mashine ni William Thomson, baadaye Lord Kelvin, mzaliwa wa Belfast mwaka 1824 aliyekuwa profesa Glasgow akiwa na miaka 22 tu.

Bahari ina miamba, ghuba na pepo. Nani atayahesabu yote? Kelvin hakujaribu. Alichukulia kana kwamba maji yanavutwa na vitu kadhaa vya kubuni, kila kimoja kikizunguka kwa mwendo usiobadilika: kimoja cha mwezi, kimoja cha jua, vingine vya kurekebisha kwa kuwa mwezi mara husogea karibu, mara huenda mbali. Nguvu ya kila kimoja haikubuniwa. Ilitafutwa katika vipimo vya maji ya bandari yenyewe, na humo ndimo miamba na ghuba zilimojificha. Mashine yake ya kwanza, ya 1872 na 1873, ilijumlisha vitu kumi kwa magurudumu na uzi mmoja uliopita kote, kalamu ikachora maji ya mwaka mzima kwa saa chache. Dhoruba haikuwamo. Hata hivyo ilifaa.

Mtu huyo huyo aliichukua dunia nzima akaifanya tufe la jiwe linalopoa, kama chungu kilichoepuliwa. Mwaka 1862 akapata umri wa miaka kati ya milioni 20 na milioni 400. Uzeeni akaushusha mpaka kati ya milioni 20 na 40. Wasomi wa miamba walilalamika kuwa muda huo hautoshi, naye hakuyumba. Mwaka 1895 John Perry, aliyewahi kuwa msaidizi wake, alionyesha kuwa joto likichukuliwa haraka zaidi huko ndani ya dunia, umri unapanda mara nyingi. Leo tunajua ni bilioni 4.5. Hesabu ya Kelvin haikuwa na doa. Tatizo ni alichokiacha nje, na hapa, tofauti na bandarini, hakukuwa na maji ya kesho ya kumsuta.

Alifariki 1907, akazikwa Westminster Abbey karibu na Newton. Juni 1944, saa ya majeshi kushuka pwani ya Normandy ilitafutwa kwa mashine za aina yake.