Carl Akeley, mpiga sinema aliyezikwa Mikeno

Wachimbaji wa Kazimia munajua namna shimo linabomoka. Carl Akeley, Mmarekani wa 1864, ndiye alitengeneza mashini ya kurusha simenti ukutani. Kisha ikaingia mpaka mu migodi. Lakini alifanya kazi ya sinema vilevile. Mwaka 1915 akaandikisha kamera yake mwenyewe, inayogeuka mbio kufuata nyama anayekimbia. 1921 akapanda nayo Virunga, akapiga ngagi sinema, ile isiyo na sauti. Msafara wake uliua ngagi watano vilevile, kwa makumbusho ya New York. Hilo lilimsumbua sana. Akaomba mfalme Albert awalinde. 1925 parke ikaanzishwa. 1926 akarudia Mikeno, ugonjwa ukamshika, akafia kulekule mlimani.