Maisha ya Daktari Bilharz

Watu wa Tabora hatuna upungufu wa habari za wasafiri wa zamani. Kila mtoto hapa amesikia habari za Burton na Speke waliofika Kazeh mwaka wa 1857, na za Livingstone aliyekaa Kwihara mwaka wa 1872. Mimi leo nataka kuwasimulieni habari za mtu aliyeishi zama zile zile, lakini hakukanyaga njia yetu ya misafara hata siku moja. Naye ndiye aliyekiona kwanza kitu ambacho mimi mwenyewe nimekibeba tumboni mwangu. Jina lake ni Theodor Bilharz, Mjerumani.

Alizaliwa tarehe 23 Machi 1825 katika mji mdogo wa Sigmaringen, kusini mwa Ujerumani. Alisoma udaktari Freiburg, kisha Tübingen. Mmoja wa walimu wake, Bwana Siebold, alikuwa bingwa wa elimu ya minyoo na viumbe wengine wasio na uti wa mgongo. Mwalimu mwingine, Bwana Griesinger, aliitwa Misri mwaka wa 1850 kusimamia mambo ya afya, akamchukua Bilharz awe msaidizi wake. Kijana huyo alikuwa na umri wa miaka 25, yaani amenizidi mimi miaka minane tu.

Basi alifika Kairo, akafanya kazi katika hospitali ya Kasr el-Aini. Sehemu kubwa ya kazi hiyo ilikuwa kupasua maiti ili ijulikane wamekufa kwa nini. Wakati huo watu wengi wa Misri, hasa wakulima washindao katika maji ya mifereji, walikuwa wakikojoa damu. Ugonjwa wenyewe ulikuwa wa kale mno. Mwaka wa 1910 daktari mmoja aitwaye Ruffer alikuta mayai ya mnyoo wake katika figo za maiti waliokaushwa Misri miaka kama 3,000 iliyopita. Hata hivyo, muda wote huo hapakuwa na mtu aliyejua damu ile inaletwa na nini.

Mwaka wa 1851 Bilharz alikuwa akichunguza mshipa mkubwa upelekao damu kwenye ini. Humo akaona minyoo myeupe, myembamba, urefu wake sentimita moja au kupita kidogo. Alipoitazama kwa hadubini aliona ajabu. Dume ana mfereji katika mwili wake, na jike, aliye mwembamba kama uzi, hulala ndani ya mfereji huo, nao huishi hivyo pamoja ndani ya damu ya mtu. Akamwandikia mwalimu wake Siebold barua za kumweleza. Hakuishia hapo. Alitafuta katika kibofu cha mkojo, akakuta mayai yenye mwiba yamejaa katika nyama yake, akatambua kwamba hayo ndiyo yanayokiumiza kibofu hata kikatoa damu.

Sasa niseme habari zangu, maana bila hizo hamtafahamu kwa nini nimemchagua mtu huyu. Kijijini kwetu, upande wa Nzega, kuna lambo la kunyweshea ng'ombe. Nilipokuwa na miaka tisa nilianza kukojoa damu mwisho wa mkojo. Wenzangu wakubwa walicheka, wakasema nimekua. Sikumwambia mama. Siku moja vidonge vya kichocho vikaletwa shuleni, tukapimwa urefu kwa mti uliotiwa alama ili kila mmoja apewe kiasi chake. Palikuwa na uvumi kwamba vidonge vile vinaharibu uzazi. Nilivitia mdomoni mwalimu akiona, kisha nikavitema nyuma ya choo. Nilikojoa damu mwaka mzima tena, mpaka mama alipoona nguo yangu akanipeleka zahanati. Uvumi ule ulikuwa uongo mtupu, na mwaka ule niliupoteza bure.

Turudi kwa Bilharz. Griesinger alirudi kwao mwaka wa 1852, yeye akabaki Kairo akawa profesa. Mwaka wa 1856 Mjerumani mwenzake, Meckel, aliupa mnyoo ule jina la Bilharz, na ndipo lilipotoka neno bilharzia. Mwaka wa 1857, Burton na Speke walipokuwa wakiingia Kazeh, yeye alitoa kitabu juu ya kambare wa Mto Nile atoaye umeme. (Jamaa ya samaki huyo yumo katika Ziwa Tanganyika, huko misafara ilikoishia.)

Lakini kuna jambo moja hakulijua mpaka mwisho wa maisha yake, nalo ni hili: mnyoo unaingiaje mwilini? Mwaka wa 1862 alifuatana na Ernst, mtawala wa Coburg na Gotha, katika safari ya Massawa kwenye Bahari ya Sham. Akashikwa na homa kali, akarudi Kairo, akafa tarehe 9 Mei mwaka ule ule. Alikuwa na miaka 37.

Ilipita zaidi ya miaka 50 baada ya kifo chake ndipo jibu likapatikana. Wajapani waliligundua kwanza mwaka wa 1913 kwa mnyoo wa kwao, na mwaka wa 1915 Mwingereza Leiper akalithibitisha huko huko Misri. Kumbe ni konokono wa majini! Mtu mgonjwa akikojoa majini, mayai huanguliwa, na vijidudu vyake huingia ndani ya konokono mdogo. Baada ya wiki kadhaa hutoka humo maelfu ya vijidudu vingine vyenye mkia wa panda. Hivi hutoboa ngozi ya mtu kwa dakika chache tu, na visipompata mtu hufa kwa siku moja au mbili. Huko Marekani, mwaka wa 1928, mtaalamu Cort aliona kwamba waogeleaji wa maziwa ya Michigan huwashwa na vijidudu vya namna hiyo vilivyo vya ndege. Hivyo hufa katika ngozi, na mtu hupata vipele tu. Wenzetu hawa wana bahati.

Jambo lililonishtua zaidi niliposoma ni saa yenyewe. Vijidudu vya kichocho cha mkojo hutoka kwa wingi mchana, jua linapokuwa kali. Hiyo ndiyo saa ya kunywesha ng'ombe, na ndiyo saa sisi wachungaji tunayovua nguo na kujitupa majini. Tena lambo likikauka, konokono wengi hujificha katika tope lililokauka wakingoja mvua.

Likizo iliyopita nilimchukua mdogo wangu, mwenye miaka kumi, tukaenda lamboni tukaokota makome ya konokono, nikamsimulia habari za Bilharz tangu Sigmaringen mpaka Massawa. Alisikiliza vizuri. Tukapatana kwamba atanyweshea ng'ombe ukingoni, na kuoga ataoga nyumbani kwa maji ya kisima. Siku ya tatu alirudi na ng'ombe, nywele zimelowa. Nilimuuliza habari za mkojo wake, akatazama chini.

Mama alimpeleka zahanati wiki ile ile, baada ya kula ugali, kwa maana vidonge vile huchafua tumbo tupu. Mimi nilifuatana nao, nikasimama mbele yake mpaka akavimeza vyote, kisha nikamwambia afumbue mdomo.