Gertrude Berg: mama wa vichekesho aliyetakiwa amfukuze mumewe wa kwenye televisheni

Wazee wetu waliokuwa wakisikiliza Pwagu na Pwaguzi wanajua jinsi watu wa redioni wanavyogeuka kuwa majirani. Hujawahi kuwaona, lakini sauti zao unazijua kuliko za shemeji zako. Leo tunamtazama mwanamke wa Marekani aliyewabuni majirani wa namna hiyo redioni, akawahamishia kwenye televisheni, kisha akaambiwa amwondoe mmoja wao.

Gertrude Berg alizaliwa New York mwaka 1899 katika familia ya Kiyahudi. Jina lake la utotoni lilikuwa Tillie Edelstein. Baba yake alikuwa na hoteli ya wapumzikaji huko Fleischmanns, kijiji kilichopo kwenye milima ya Catskill. Mvua ikinyesha, wageni walikaa ndani wakichoshwa na kununa, na mgeni aliyenuna hachelewi kufunga mizigo. Basi binti akawa anawaandikia michezo mifupi ya kuchekesha. Huko ndiko alikojifunzia kazi. Nyumbani kwao kulikuwa na huzuni pia: ndugu yake wa kiume alikufa kwa dondakoo akiwa mtoto, na mama yao hakurudi tena katika hali yake baada ya msiba ule.

Mwaka 1918 aliolewa na mhandisi Lewis Berg, wakapata watoto wawili.

Tarehe 20 Novemba 1929, wiki chache tu baada ya soko la hisa la New York kuporomoka, redio ya NBC ilianza kurusha kipindi chake, ambacho baadaye kilijulikana kwa jina la The Goldbergs. Kilihusu familia ya wahamiaji wa Kiyahudi wanaoishi kwenye nyumba za kupanga: Molly, mumewe Jake, watoto wao Sammy na Rosalie, na mjomba David. Hakuna aliyekuwa jambazi wala mfalme. Walibishana kuhusu kodi, chakula, uchumba na masomo, na ucheshi ulitoka humohumo. Baba anataka mali, mama anataka amani, watoto wanataka kuwa Wamarekani.

Berg aliandika maelfu ya vipindi hivyo, mara nyingi kwa penseli alfajiri, kisha akaenda studio kuongoza na kuigiza sehemu ya Molly yeye mwenyewe. Hata lafudhi ya kigeni ya Molly ilikuwa ya kuigiza. Yeye alizungumza Kiingereza cha watu wa New York. Mimi kuandaa dakika 15 kwa siku kunanitoa jasho, na wala sitakiwi kuchekesha. Molly akikaanga mayai kwenye hadithi, mayai yalivunjwa kweli mbele ya maikrofoni.

Hakuogopa mambo mazito. Mwaka 1939, Wayahudi wakiteswa chini ya utawala wa Hitler, aliandika kipindi ambacho familia iko mezani kwenye sikukuu ya Pasaka ya Kiyahudi, mara jiwe linavunja dirisha. Molly anawatuliza watoto na ibada inaendelea.

Januari 1949 The Goldbergs kikaingia kwenye televisheni ya CBS, kikirushwa moja kwa moja. Molly aliegemea dirishani akaongea na mtazamaji kama jirani, akisifia pia kahawa ya mdhamini. Mwaka 1951 Berg akawa wa kwanza kupewa tuzo ya Emmy ya mwigizaji bora wa kike.

Lakini matatizo yalikuwa yameshaanza. Juni 1950 kilitoka kijitabu kilichoitwa Red Channels, chenye majina 151 ya watu wa redio na televisheni waliotuhumiwa kuwa upande wa wakomunisti. Humo alikuwamo Philip Loeb, aliyeigiza Jake na ambaye pia alikuwa mtetezi wa haki za waigizaji katika chama chao. Loeb alikana. Hakukuwa na mahakama wala ushahidi, ila hofu ya kampuni kwamba wateja wataacha kununua kahawa.

Mdhamini alitaka Loeb aondoke. Berg alikataa. Mwaka 1951 mdhamini akajitoa, CBS ikakiacha kipindi, na msimu uleule ikaanza kurusha I Love Lucy, ambacho ndicho wengi wanakikumbuka hadi leo. Berg akazunguka kutafuta mdhamini mwingine atakayemkubali Loeb, asimpate. Mwishowe Loeb alikubali kulipwa na kuondoka, na mwaka 1952 kipindi kikarudi NBC na Jake mwingine.

Wapo wanaosema alipaswa kushikilia hadi mwisho. Mimi simlaumu sana, maana kulikuwa na watu wengine waliokula kupitia kipindi kile, na alishapoteza kituo kwa kukataa kwake. Lakini Loeb hakutendewa haki. Kazi zilikauka, na alikuwa na mtoto mgonjwa aliyehitaji matibabu ya gharama. Septemba 1955 alijiua katika hoteli moja ya New York.

The Goldbergs kilifikia mwisho mwaka 1956. Berg alihamia jukwaani, na mwaka 1959 mchezo wa A Majority of One ulimpatia tuzo ya Tony. Alifariki New York tarehe 14 Septemba 1966, akazikwa Fleischmanns.