Mtu wa majina mengi na mshipi uliokatika

Katika somo la fonetiki tulifundishwa kukata usemi vipande vidogo, ili jicho lione kile ambacho sikio halikipati. Nikataka kujua ni nani aliyekata mwendo kwa namna hiyo kabla yetu. Ndipo nilipokutana na Eadweard Muybridge.

Alizaliwa Kingston upon Thames, Uingereza, tarehe 9 Aprili 1830, akiitwa Edward James Muggeridge. Alihamia Marekani, akauza vitabu San Francisco. Jina likabadilika njiani: Muygridge, kisha Muybridge, hata Edward akaliandika kwa tahajia ya kale, Eadweard. Mwaka 1860, huko Texas, farasi waliokuwa wakivuta gari la abiria walishindwa kuzuilika, gari likapinduka, naye akaumia vibaya kichwani. Aliporudi kazini alikuwa mpiga picha.

Sitaki kumpamba. Mwezi wa Oktoba 1874 alimpiga risasi na kumuua Harry Larkyns, mpenzi wa mke wake. Mwaka 1875 baraza la wazee wa mahakama lilimwachilia. Kipaji hakifuti damu, na anayesimulia maisha yake hana budi kusema yote mawili.

Tajiri wa reli Leland Stanford, aliyewahi kuwa gavana wa California, alitaka kujua kama farasi anayekimbia huwa na dakika ya kutogusa ardhi kwa mguu wowote. Jicho lilishindwa kujibu. Mwezi wa Juni 1878, kwenye uwanja wa Palo Alto, Muybridge alipanga kamera 12 kando ya njia na kutandaza nyuzi. Farasi alipozikata kwa mwili wake, kamera zilifunguka moja baada ya nyingine. Waandishi wa habari waliitwa washuhudie.

Farasi jike Sallie Gardner akaja shoti, mpandaji Domm akiwa mgongoni. Katikati ya mbio, mshipi wa tandiko ukakatika. Picha ziliposafishwa palepale, mshipi uliokatika ulionekana wazi, na hapo waliokuwa na shaka wakaamini. Miguu hawakuweza kuihakikisha kwa macho yao, lakini ajali ya mshipi waliiona wote. Kilichoshuhudia ukweli wa picha ni kile kilichomfunga mpandaji na farasi wake. Picha zilionyesha pia kwamba miguu minne huwa hewani ikiwa imekunjwa chini ya tumbo. Wachoraji walikuwa wameinyosha mbele na nyuma.

Ushindi huo haukumpa heshima yote. Mwaka 1882 Stanford alisaidia kuchapishwa kwa kitabu cha daktari Stillman juu ya mwendo wa farasi, kilichotegemea picha hizo, lakini jina la Muybridge halikuwa kwenye ukurasa wa kichwa. Alishtaki, akashindwa. Akaenda Chuo Kikuu cha Pennsylvania, akapiga picha za watu na wanyama wakitembea, wakiruka, wakibeba mizigo. Mwaka 1887 zikatoka kurasa 781.

Alirudi Kingston, akafa tarehe 8 Mei 1904. Kwenye jiwe lake la kaburi, kule Woking, waliandika Maybridge. Mtu aliyejichagulia tahajia mwenyewe alizikwa chini ya tahajia ya kosa.

Kwa sisi wa isimu, herufi moja si jambo dogo. Farasi na mwenye farasi wanatajwa popote picha ile inapoonyeshwa. Mpandaji Domm hutajwa kwa nadra. Nasi tunakwenda vijijini na mashine za kurekodi, tunarudi na sauti za wazee, tunazikata vipande, halafu tunaandika kazi za kumalizia masomo. Jina letu liko juu. Jina la mzee aliyesema, mara nyingi, ni herufi tu kwenye jedwali. Tangu nisome maisha haya, kila ninaporekodi namwuliza mzee kwanza kama anataka jina lake liandikwe, na kwa herufi zipi.