ASKOFU STEERE NA VIWANJA ALIVYOPEWA

Wasomaji wengi wa gazeti letu walijua jina la Askofu Edward Steere kwa ajili ya vitabu vyake vya Kiswahili. Mimi napenda kuzieleza habari zake kwa upande wa ardhi, maana mtu huyu alisomea sheria kabla ya kuwa kasisi, na sehemu kubwa ya maisha yake huku Afrika ilikuwa kutafuta mahali pa kujenga katika nchi isiyo yake.

Alizaliwa London mwaka wa 1828, na mwaka wa 1850 akakubaliwa kuwa wakili. Baadaye aliiacha kazi hiyo akawa kasisi. Mwaka wa 1863 alifuatana na rafiki yake, Askofu Tozer wa misheni ya UMCA. Walijaribu kwanza kukaa upande wa mto Shire, pakawashinda, wakahamia Unguja mwaka wa 1864. Huko Steere akajifunza Kiswahili, akaandika sarufi yake na kukusanya hadithi za Waunguja, akazitoa mwaka wa 1870. Sisi tunaohangaika na sarufi darasani twajua sasa wa kumlaumu!

Tarehe 5 Juni, 1873, Seyyid Barghash alitia sahihi mkataba wa kukomesha biashara ya watumwa baharini, na soko la Mkunazini likafungwa. Padre West alinunua sehemu ya kiwanja kile ili lijengwe kanisa. Sehemu ya jirani, pamoja na nyumba, ilitolewa bure na tajiri wa Kihindi aitwaye Jairam Senji. Jambo hili hunistaajabisha sana, kwa kuwa yeye alikuwa Mhindu, na nyumba ile ya ibada haikuwa yake.

Lakini kwao India jambo hilo lilikuwa na asili ya kale. Yapata mwaka wa 1006 mfalme Rajaraja wa Wachola, mwenye kumwabudu Shiva, alitoa mapato ya kijiji cha Anaimangalam kwa nyumba ya ibada ya Wabudha iliyojengwa Nagapattinam na mfalme wa ng'ambo ya bahari. Tembo jike alizungushwa mipakani ili kila mtu aione mipaka. Mwanawe Rajendra akaamuru habari hiyo ichorwe juu ya mabamba 21 ya shaba, yakatungwa katika pete moja yenye muhuri wa mfalme. Karatasi huliwa na mchwa, shaba hailiwi. Kwa desturi yao zawadi ya namna hiyo ilikuwa ya kudumu muda wote wa jua na mwezi. Mabamba hayo baadaye yalichukuliwa hata Leiden, Uholanzi, na bado yanasomeka.

Turudi kwa Steere. Alifanywa askofu mwaka wa 1874. Kanisa la Mkunazini alilisimamia mwenyewe, akalifunika kwa paa la mawe ya matumbawe yaliyopondwa na saruji, na watu wengine wakangoja liwaangukie. Halikuanguka. Ibada ya kwanza ilifanywa siku ya Krismasi.

Mwaka wa 1875 alikwenda kwa miguu kutoka Lindi mpaka Mwembe kwa Sultani Mataka wa Wayao, kuomba urafiki. Mwaka uliofuata aliondoka tena Lindi na watu zaidi ya 50 waliokombolewa utumwani, wanaume kwa wanawake, wakikusudia kufika upande wa Nyasa. Walipofika Masasi, chini ya milima yetu hii ya mawe, wakaona maji na udongo mzuri, na wengi wakaona kwamba wamekwisha fika nyumbani. Steere akakubali wakae, akamwacha Padre Johnson pamoja nao. Watu waliouzwa kama mbuzi wakapata mashamba. Hakuna bamba la shaba lililochorwa siku ile, wala tembo aliyezungushwa, na mimi naona ni hasara, kwa sababu jina la Rajaraja twalisoma baada ya miaka elfu, lakini ukiwauliza wanafunzi kumi wa bweni letu ni nani aliyekuwa mkubwa wa Masasi mwaka wa 1876, tisa watanyamaza na wa kumi atabahatisha.

Steere alifariki Unguja tarehe 27 Agosti, 1882, akazikwa nyuma ya altare ya kanisa lake. Mwezi uliofuata Wamagwangwara waliishambulia Masasi, wakachoma nyumba na kuteka watu. Waliosalia hawakuwa na pa kulala. Basi Matola, mkubwa wa Wayao wa Newala, akawapokea juu ya uwanda wa Wamakonde, na mwaka wa 1883 Padre Maples akahamishia misheni kwake. Matola hakuwa Mkristo wakati huo. Alitoa mahali pa kujenga akijua kwamba maadui waweza kuwafuata wageni wake mpaka mlangoni pake.